Msichana wa Kazi wa Bwana Khisa

Khisa nitakayemsimulia hapa ni mimi mwenyewe. Nimeamua kumwita Khisa, kama mtu baki, kwa sababu kila nikianza na "mimi" najikuta namtetea, na mtu huyu hastahili wakili. Mambo niliyoambiwa baadaye na mke wangu, na muuza maziwa, na koplo mwenyewe, nimeyaweka mahali pake kana kwamba nilikuwepo. Kwa kweli mahali nilipotakiwa kuwepo sikuwepo.

Alhamisi moja ya Juni, mwaka wa 1998, Khisa alirudi nyumbani Kitengela mapema, akiwa amebeba betri ya gari begani. Ilikuwa imetoka kuchajiwa. Kulikuwa na mechi ya Kombe la Dunia jioni hiyo, na katika ploti nzima ya vyumba kumi na viwili televisheni ilikuwa moja tu, ya Khisa, inchi kumi na nne. Alipita kwenye mfereji akiwasalimu watu kwa sauti, akiwaambia waje na viti vyao. Shati lake jeupe la ofisini lilikuwa limeshaliwa na maji ya betri begani, lakini hilo angeligundua kesho yake.

Mlango ulikuwa wazi. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Chini, mgongo ukiwa umeegemea mguu wa meza, alikuwa ameketi Melvin, mdomo umevimba, damu imekauka kidevuni. Niseme ukweli: Khisa aliitazama meza kwanza.

"TV iko wapi?"

"Imeenda," alisema Melvin.

"Imeenda wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani? Nani alikwambia iende kwa fundi?"

Melvin akafikiri, akaona maswali yamekuwa mengi. "Ndiyo," akajibu.

Khisa akaiweka betri chini, akapiga kelele. Majirani waliokuwa wanakuja na viti wakafika mapema kuliko ilivyopangwa, na viti vikasaidia, maana wengine walikaa kabisa kutazama. Kinyanjui, mwangalizi wa ploti, akakimbia kituo cha polisi, na baada ya muda si mrefu akarudi na Koplo Ndambuki, mtu mnene mwenye daftari dogo na kalamu iliyofungwa uzi.

"Pole, mzee," koplo alisema. "Nani alikuwa nyumba wakati imeibwa?"

Hapo watu wote walimgeukia Melvin. Khisa akamtazama dada yake, dada wa tumbo moja, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, akasema, "Ni huyu msichana wa kazi."

*

Uongo huo ulikuwa na miaka minne na haukuwa umempa shida hata siku moja. Walipohamia hapo mke wa mwenye ploti alimwona Melvin akishusha sufuria kwenye gari huku akijichekea peke yake, akauliza, "Na huyu?" Khisa akajibu bila kufikiri. Alikuwa na aibu, ndiyo, lakini si aibu tu. Karani mwenye dada mwenye akili ya mtoto ni mtu wa kuhurumiwa. Karani mwenye msichana wa kazi ni mtu mkubwa. Mshahara wa Khisa haukutosha kuajiri hata jogoo wa kumwamsha, lakini siku ile alipanda cheo mbele ya ploti nzima.

Baada ya hapo alimfundisha Melvin. Mlango ukiwa wazi, mimi ni mdosi wako. Mlango ukifungwa, mimi ni ndugu yako. Melvin alichukua wiki mbili kuelewa, na alipoelewa hakukosea tena. Mlango ukifungwa tu humwita "yaya", ambalo kwa lugha ya kwao ni ndugu, kama walivyoitana wakiwa watoto kule Kimilili. Ukifunguliwa, anasimama na kushika kitambaa cha kupangusia. Sheryl, binti ya Khisa, hakuhitaji kufundishwa kudanganya, kwa kuwa watoto wote mjini huwaita wasichana wa kazi "anti". Khisa alifurahi sana alipogundua hilo. Aliliona kuwa ni dalili kwamba hata Mungu hana pingamizi.

Somo la pili lilikuwa la adabu. Mtu mkubwa akikuuliza kitu, sema ndiyo, usiongeze neno. Hivyo wageni hawangegundua.

*

"Hizi mambo huwa ni inside job, ni mtu wa ndani," Koplo Ndambuki aliwaeleza majirani, nao wakatikisa vichwa kwa sababu wote walijua. Nyumba ikiibwa, anayekamatwa wa kwanza ni msichana wa kazi. "Wee dada, simama. Twende."

Melvin akasimama. Akamtazama Khisa, halafu akautazama mlango. Ulikuwa wazi, umejaa watu.

"Afande," Khisa akaanza.

"Eeh?"

Khisa akatazama mlangoni. Nyuma ya koplo alisimama mke wa mwenye ploti, na Waweru wa chumba cha tano aliyekuwa akimwita "mheshimiwa" tangu televisheni ije. "Msimpige," akasema. Akajiona ametetea mtu.

Alifuatana nao hadi kituoni, hatua kumi nyuma, akijiambia kwamba huko hakuna majirani, ataeleza taratibu. Huko kituoni akapewa karatasi aandike taarifa yake. Aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa ofisi, na alipofika kwenye maneno "aliyekuwa nyumbani" kalamu ikaendelea yenyewe: *mfanyakazi wangu wa nyumbani, Melvin*. Kubadilisha kungechafua karatasi. Koplo akausifu mwandiko. "Laiti watu wote wangeandika hivi," akasema, na Khisa, dada yake akiwa nyuma ya kaunta ile ile, akasema asante.

Mahojiano ya Melvin hayakufika robo saa. Koplo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili saba na mguu uliokuwa unamsumbua.

"Huyo mtu, ni wewe ulimfungulia mlango?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo unamjua."

"Ndiyo."

"Ni mtu mrefu?"

"Ndiyo."

"Ama ni mfupi?"

"Ndiyo."

Koplo akamtazama. Akaona ni ujanja. "Mlikuwa mmepanga na yeye?"

"Ndiyo."

"Ukamsaidia kubeba?"

"Ndiyo."

"Na huu mdomo, mligombana mkigawana?"

"Ndiyo," alisema Melvin, akitazama chini kwa adabu aliyofundishwa.

Koplo akaandika yote isipokuwa urefu. Akamwekea kidole cha mkono wa kushoto kwenye wino, kwa kuwa ndio alioutoa. Kesi ikawa imeisha: wizi wa mtumishi. Kesho yake saa tatu asubuhi Land Rover ingewapeleka mahabusu mahakamani Kajiado, naye angekuwa mmoja wao.

*

Valerie, mke wa Khisa, alikuwa anarudi kutoka kazini kwenye kiwanda cha nguo Athi River, na habari alizipata kwenye mfereji kabla ya kufika mlangoni. Alimkuta mumewe ameketi karibu na betri.

"Baba Sheryl, wanasema umeshikisha msichana wa kazi," alisema. "Sisi tuko na msichana wa kazi?"

"Funga mlango kwanza."

"Sifungi. Leo utakaa wazi."

"Nitaongea na koplo kesho, mapema. Kuna vile nitamweleza."

"Vile gani? Kwamba alizaliwa dada yako jana?"

Khisa akamwambia kuhusu taarifa aliyokuwa ametia sahihi, na kwamba kudanganya polisi ni kosa, na kwamba mtu anaweza kufungwa. Valerie alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuosha vyombo, na akavikuta vimeoshwa vyote, isipokuwa sufuria kubwa, ile ya kuinua kwa mikono miwili.

*

Ijumaa saa mbili kasoro Khisa alikuwa kituoni, na shati lenye matundu begani, kwa sababu hakuwa na jingine jeupe. Valerie alikaa naye kwenye benchi. Ndani, Koplo Ndambuki alikuwa anapanga mafaili ya Kajiado. Khisa alikuwa ameandaa hotuba njia nzima. Ilianza na "Kwa heshima na taadhima". Alisimama mara tatu kuitoa, na mara tatu akakaa mtu mwingine alipoingia kuripoti kitambulisho kilichopotea au jirani aliyemtukana.

Aliyeingia wa nne hakuja kuripoti. Alikuwa Rachel, mama wa Kimaasai aliyeleta maziwa kila asubuhi, kwanza kwenye ploti ya akina Khisa, kisha hapo kituoni kwa chai ya askari. Alikuwa na mtungi wa plastiki wa lita tano na hasira.

"Nimepita kwenu sijapata mtu wa kunifungulia," alimwambia Khisa. "Kinyanjui ananiambia huyo mtoto ako hapa. Ako hapa?"

"Ako hapa, mama."

Rachel akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa, kama mtu aliyekwenda jikoni kwake. Maji ya chai yalikuwa yanachemka kwenye jiko la mafuta, na koplo, kwa kuwa alikuwa na msichana wa kazi bure, alikuwa amemtoa Melvin seli amtengenezee chai.

"Takwenya!" Rachel alimsalimu.

"Iko!" Melvin akajibu kwa sauti kubwa, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Akauchukua mtungi kwa mkono wa kushoto. Ukamshinda, akaukumbatia kwa kiwiko. Rachel akamshika mkono wa kulia, akapandisha mkono wa sweta. Kifundo kilikuwa kimevimba, kimegeuka rangi, na vidole vilikuwa vimepinda ndani.

"Nani ameona hii?" Rachel akauliza.

Koplo alikuwa amechukua alama ya kidole chake. Khisa alikuwa ametembea nyuma yake hatua kumi. Valerie ndiye peke yake aliyekuwa na udhuru, na ndiye peke yake aliyelia.

"Mama, wacha kazi ya serikali," koplo alisema, lakini si kwa nguvu. "Huyu amekubali makosa. Nimemuuliza vizuri."

"Umemuuliza aseme ndiyo, amesema ndiyo. Hata ukimuuliza kama yeye ni ng'ombe atasema ndiyo. Huyu haulizwi hivyo. Mimi naongea na yeye kila siku, miaka nne. Unamwacha afanye kazi ya mkono, unanyamaza. Ataongea."

"Mimi sina time ya kunyamaza."

"Uko na time ya chai?"

Koplo akatazama saa, akatazama maziwa. Alikuwa na muda wa chai.

Rachel akampa Melvin kijiko na kopo la sukari. Akakaa, akanyamaza, na kwa kuwa alinyamaza yeye wakanyamaza wote. Melvin akapanga vikombe vinne. Alikuwa mtu mwingine sasa, mwenye kazi yake anayoijua.

"Wewe ni vijiko ngapi?" alimuuliza koplo.

"Viwili."

Akaweka viwili. "Mama Rachel, moja. Mama Sheryl, hana. Mdosi, tatu." Akaendelea kukoroga. "Yule wa TV ni vinne. Hata akiibeba nilimwambia, ngoja nikupikie chai, vijiko vinne, mdosi arudi. Akakataa."

Koplo akafungua mdomo. Rachel akamwinulia kidole, akaufunga.

"Alisema ametumwa na mdosi. TV imeharibika, inaenda kwa fundi. Nikafungua. Lakini Mama Sheryl alisema TV isitoke, mtoto ataivunja. Nikashika waya. Nikamwambia, waya wacha. Akavuta. Nikashika. Akafunga waya hapa." Alionyesha kifundo kwa kijiko. "Akavuta tena. Ikalia, ta! Akanigonga na kiatu. Akaenda na pikapu ya bluu. Chai iko tayari."

Khisa alikuwa ameketi tena bila kujua. Katika watu wote waliowahi kuingia nyumbani kwake, wa vijiko vinne alikuwa mmoja tu: Brayo, dereva wa pikapu ya kampuni yao, ambaye Khisa alimleta kutazama mechi ya ufunguzi, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamweleza kwamba Jumatatu hadi Ijumaa mchana nyumba ina msichana wa kazi tu. Alilisema hilo kwa majivuno. Hakuna aliyekuwa amemwambia Melvin jina la mgeni, maana nani humjulisha mgeni kwa msichana wa kazi? Kwa hiyo aliwajua watu kwa sukari yao.

"Brayo," Valerie alisema. "Ni Brayo wa kazini kwenu."

"Bwana Khisa," koplo akasema taratibu, "huyu anasema mwizi alitumwa na wewe."

"Sikumtuma! Nilimwambia tu... Nilimweleza vile nyumba inakaa."

"Bure?"

"Bure, afande."

Koplo Ndambuki akanywa chai. Unaweza kumwona mtu akibadilisha mawazo polepole, na yeye alitumia nusu kikombe. "Sasa iko shida," akasema. "Huyu ako na kesi, imeandikwa. Nikiivunja, OCS, mkubwa wa kituo, ataniuliza kwa nini naamini mtumishi badala ya mdosi. Ndugu zake wako wapi? Awe na mtu wa kumsimamia, aandike statement upya."

Hotuba ya "kwa heshima na taadhima" haikupatikana mahali popote kichwani mwa Khisa.

"Ni mimi," akasema. "Ni dada yangu."

"Nani?"

"Huyu. Si mfanyakazi. Tumezaliwa na mama mmoja. Nilidanganya."

Watu watatu waliokuwa kwenye foleni ya kaunta wakaacha kunong'ona. Koplo akaitafuta ile karatasi yenye mwandiko mzuri, akaisoma tena, akamgeukia Melvin.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Hapana," alisema Melvin.

Koplo akaweka kikombe chini. "Huyu mtu amesema ndiyo tangu jana. Nilimuuliza kama yeye ndiye OCS, akasema ndiyo. Hii ndiyo hapana ya kwanza." Akamkazia Khisa macho. "Sasa wewe ni nani?"

"Ni mdosi," Melvin akasaidia.

Khisa alihisi masikio yanawaka. Alijua kinachotakiwa, na alijua kitakavyoonekana. "Afande," akasema, "naomba mlango ufungwe."

"Mlango wa kituo haufungwi. Ni sheria."

"Dakika moja. Hawezi kusema ukiwa wazi. Ni mimi nilimfundisha."

Ilibidi aeleze, pale, mbele ya foleni: kufungwa, kufunguliwa, kitambaa cha kupangusia, yote. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Koplo akainuka na mguu wake mbovu, akausukuma mlango ambao haukuwa umefungwa tangu kituo kijengwe. Ulikwama kwenye vumbi. Wa kwenye foleni wakasaidia kuusukuma. Kukawa na giza kidogo ndani.

Melvin akauangalia mlango mpaka ukagonga. Kisha akamgeukia kaka yake, akamwonyesha kifundo kilichovimba.

"Yaya," akasema, "naumwa."

Koplo akaifungua taarifa ya jana, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati. "Fungueni mlango," akasema. "Khisa, kuja uandike upya. Na uandike vibaya, nijue ni ukweli."

Rachel alikuwa anafunga mtungi wake. "Mimi nilijua siku ya kwanza," alimwambia Khisa. "Mna pua moja. Kitengela yote inajua. Tulikuwa tunakungoja wewe."

*

Brayo alikamatwa siku hiyo hiyo akiwa kazini, na televisheni ikapatikana Kiserian kwenye nyumba ya shemeji yake. Land Rover iliondoka saa nne badala ya saa tatu, na Melvin hakuwemo kwenye orodha. Alikuwemo kwenye kiti cha mbele, kwa sababu koplo alisema hospitali ya Kajiado iko njiani na mguu wake pia unahitaji kuonwa. Khisa alikaa nyuma na mahabusu, na mmoja wao akamuuliza ameiba nini.

Alasiri walikuwa kwenye benchi la hospitali, Melvin akiwa na plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko, akiigongagonga kwa kucha asikie inavyolia. Daktari alikuwa amesema mfupa umevunjika mahali pawili. Khisa aliitazama plasta muda mrefu. Aliona haya, na kwa mara ya kwanza haya yenyewe haikuwa kwa sababu ya majirani.

"Melvin, umenisamehe?"

"Ndiyo."

Akalisikia lile neno. Alikuwa amelilipia mwenyewe, miaka minne, na sasa halikuwa na thamani yoyote kwake. Angemuuliza kama hamsamehe angesema vilevile. Akakumbuka Rachel alivyofanya. Akampa chungwa alilonunua getini, akashikilia upande mmoja ili Melvin alimenye kwa mkono mzima, akanyamaza. Ganda likatoka vipande vipande. Nusu ya chungwa ikaliwa bila neno.

"Nataka off," Melvin akasema.

"Off?"

"Msichana wa kwa Waweru hupewa off Jumapili. Yule wa chumba cha nane pia. Mimi sijawahi."

Khisa akacheka, akaona si kitu cha kucheka, akaacha. "Utapewa. Jumapili hii. Utafanya nini?"

"Wao huenda kwao."

"Wewe utaenda wapi?"

Melvin akatoa mbegu mdomoni, akaiweka kwenye ganda kwa uangalifu. Ukumbi wa hospitali ulikuwa umefunguliwa pande zote mbili, watu wakipita.

"Kwa ndugu yangu," akasema. "Anakaa Kitengela. Lakini hapatikani sana."